Kadi ya Michoro: Ununue Sasa au Usubiri?

Ukiuliza kama ununue sasa au usubiri kadi ya michoro (kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za skrini), mwezi wowote wa mwaka utajibiwa usubiri kidogo kwa sababu kuna mpya inakuja. Ni kweli inakuja, na baada yake inakuja nyingine. Nvidia, mtengenezaji mkubwa wa kadi hizi, ilitoa kizazi cha RTX 20 Septemba 2018, RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022 na RTX 50 mwishoni mwa Januari 2025. Kizazi hubadilika kila baada ya miaka miwili na ushee, kwa hiyo anayesubiri "mpya" tu hana siku ya kununua. Tunachopendekeza ni kuanza na kompyuta iliyo mezani kwako, kisha hesabu, kisha kalenda. Wengi huanza na kalenda, na ndipo wanapopotelea.

Hatua ya 1: Hakikisha kadi ndiyo inayokukwamisha

Hatua hii usiiruke. Kuna watu wengi wanaobadilisha kadi huku tatizo liko kwingine, kisha wanashangaa gemu bado inaganda.

Kabla ya kupima chochote, kagua mambo matatu ya aibu. Waya wa skrini uwe umechomekwa kwenye kadi yenyewe. Ukichomekwa kwenye ubao mama, picha hutoka kwenye prosesa na kadi yako hubaki imelala. Skrini ya 144 Hz (inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) iwe kweli imewekwa 144 Hz kwenye mipangilio ya Windows, maana mara nyingi hubaki 60. Na RAM iwe vipande viwili katika sloti sahihi, kwa kawaida ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Kipande kimoja hupunguza kasi ya prosesa kwenye gemu kwa kiasi unachokiona kwa macho.

Sasa weka programu ya MSI Afterburner, ambayo hufanya kazi na kadi ya kampuni yoyote, na uonyeshe kwenye skrini vitu vitano: matumizi ya kadi kwa asilimia, kumbukumbu ya kadi iliyotumika (VRAM), joto, matumizi ya kila kiini cha prosesa, na fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi huonyeshwa kila sekunde. Cheza gemu inayokusumbua, au endesha kazi inayokuchelewesha, kwa dakika 15 hadi 20. Usisome namba za dakika mbili za mwanzo. Kadi ikiwa baridi huenda kasi kuliko itakavyoenda ikishapata moto.

Kisha soma hivi. Kadi ikikaa asilimia 95 hadi 99 na fremu hazitoshi, kadi ndiyo kikwazo. Ikikaa asilimia 50 hadi 70 na fremu bado ni chache, hakikisha hujaweka kikomo cha fremu au V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini), halafu shusha rezolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Fremu zisipoongezeka, prosesa ndiyo inayochelewa, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Usidanganywe na jumla ya matumizi ya prosesa. Inaweza kuonyesha asilimia 30 huku kiini kimoja kikiwa kimefika ukomo, kwa sababu gemu nyingi huegemea viini vichache.

Kama wastani wa fremu ni mzuri lakini picha inaganda kila unapogeuka au kuingia eneo jipya, tazama VRAM. Shusha ubora wa maumbile ya nyuso, yaani texture, ngazi moja tu na uache mengine yote yalivyo. Kuganda kukiisha, umepungukiwa na kumbukumbu; nguvu ya kadi unayo.

Joto nalo lina maneno yake. Kadi inayopita nyuzi 83 hivi huanza kujipunguzia kasi. Toa vumbi, badilisha pesti ya joto kama ina miaka minne au zaidi, fungua njia ya hewa ndani ya kasha, kisha pima tena. Usafi wa saa moja wakati mwingine hurudisha fremu ulizokuwa unataka kuzinunua.

Kwa kazi zisizo za gemu, kipimo hubadilika. Kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, mandhari isiyoenea ndani ya VRAM huenda polepole mno au hukataa kabisa. Kwenye modeli za akili bandia, VRAM huja kwanza na kasi baadaye: modeli ya vigezo bilioni 7 katika biti 16 inataka takriban GB 14 kwa vigezo peke yake, na ikibanwa hadi biti 4 inataka kama GB 4, ukiongeza nafasi ya mazungumzo. Programu nyingi za fani hii zimejengwa juu ya CUDA (mfumo wa kupigia hesabu kwenye kadi), na CUDA ni ya Nvidia pekee. Angalia programu yako inakubali nini kabla hujavutwa na bei ya kadi za AMD au Intel.

Hatua ya 2: Andika hitaji lako kwa namba

"Nataka kadi nzuri" halipimiki. "Gemu hii, 2560×1440, fremu 80, ubora wa juu bila ufuatiliaji wa miale (ray tracing, yaani kuiga mwanga halisi)" linapimika.

Rezolusheni ndiyo inayoamua mengi. 1920×1080 ni pikseli milioni 2.07, 2560×1440 ni milioni 3.69, na 3840×2160 ni milioni 8.29, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Kama unapanga kubadilisha skrini mwaka huu, amua skrini kwanza, kwa sababu kadi inayotosha leo itapwaya siku skrini mpya ikiwashwa.

Tafuta vipimo vya kadi unayoitaka kwenye gemu zako mwenyewe, kwa rezolusheni yako, halafu linganisha na namba ulizozipata katika hatua ya kwanza. Ongezeko la chini ya asilimia 30 hulioni sana ukishaondoa kaunta ya fremu kwenye skrini. Kuanzia asilimia 50 unaliona. Zikiwa mara mbili, huna haja ya kumuuliza mtu. Chunguza pia fremu za chini, zile asilimia 1 zilizo polepole zaidi, kwa sababu ndizo zinazoleta kuganda. Na uzipuuze fremu zinazotengenezwa kwa akili bandia katikati ya fremu halisi: hulainisha picha, lakini mkono wako haupati mwitikio wa haraka zaidi. Tangazo linalosema "mara mbili" mara nyingi limezihesabu.

Kuhusu VRAM, maoni yetu ni haya. GB 8 inatosha kwa 1080p (1920×1080) ikiwa uko tayari kushusha texture kwenye gemu mpya. GB 12 ni kiwango cha heshima kwa 1440p (2560×1440). GB 16 ni kwa anayetaka kukaa na kadi miaka minne au mitano. RTX 5060 Ti ya Aprili 2025 ilitoka kwa matoleo mawili, GB 8 kwa dola 379 na GB 16 kwa dola 429, chipu ile ile. Katika pengo la dola 50 kama hilo, kununua ile ya GB 8 ni kujinyima mwenyewe.

Hatua ya 3: Kusubiri kunagharimu kiasi gani?

Kusubiri kuna bei, ila haiandikwi popote. Ipige hivi.

Tuseme kadi unayoitaka ni 400 leo, kwa fedha yoyote ile, na ya zamani ukiiuza leo unapata 100. Ukinunua sasa umetoa 300. Unatarajia kwamba baada ya miezi sita kadi hiyo itashuka kwa asilimia 10, iwe 360. Lakini kadi yako ya zamani nayo inazeeka, na kufikia hapo itauzwa 80. Utatoa 280. Umeokoa 20 kwa miezi sita, yaani 3.33 kwa mwezi.

Sasa jiulize: je, ungekubali kukodi ile kadi mpya kwa 3.33 kwa mwezi kwa miezi hiyo sita? Anayeitumia kila jioni, au anayepata riziki kwayo, atakubali bila kufikiri. Anayecheza mara mbili kwa mwezi atakataa, na kwake kusubiri ni sahihi. Weka namba zako halisi, na uwe mkweli kwa bei ya kuuzia ile ya zamani. Watu hujipendelea sana hapo.

Umeme uingize kama tofauti ni kubwa. Kadi inayokula wati 100 zaidi, ikitumika saa nne kwa siku, huongeza takriban kWh 146 kwa mwaka.

Hatua ya 4: Unasubiri nini hasa?

Subiri kitu chenye tarehe na bei iliyotangazwa. Uvumi wa mtandaoni hauna tarehe, na picha iliyovuja ya boksi haina bei.

Mfano mzuri ni Januari 2025. Nvidia ilipotangaza RTX 50, RTX 5070 ilipewa bei ya dola 549, ikaingia sokoni Machi 5. RX 9070 XT ya AMD ikafuata Machi 6 kwa dola 599. Aliyekuwa na pesa mkononi katikati ya Januari alikuwa na sababu ya kungoja wiki saba. Lakini zingatia kwamba bei ya kutangazwa si bei ya rafuni. Miezi ya kwanza kadi nyingi ziliuzwa juu ya hapo, kwa hiyo ongeza mwezi mmoja au miwili kwenye tarehe ya kutoka unapopanga.

Pia angalia ngazi yako. Kampuni huanza na kadi kubwa. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022, ilhali RTX 4060 ilitoka mwishoni mwa Juni 2023, zaidi ya miezi minane baadaye. Ukisikia kizazi kipya kimefika na wewe ni mnunuzi wa ngazi ya kati, chako bado kiko mbali. Toleo lililoboreshwa la katikati ya kizazi, liitwalo Super, nalo linafaa kungojwa likishatangazwa: RTX 4070 Super ya Januari 2024 ilikuja kwa dola 599, bei iliyoanza nayo RTX 4070 ya kawaida, ikiwa na viini 7168 badala ya 5888.

Sababu nyingine mbili za kusubiri tunazikubali bila mjadala. Kwanza, gemu unayoinunulia kadi bado haijatoka. Ngoja itoke, ipimwe, ndipo ununue. Mahitaji ya kompyuta yanayotangazwa mapema hubadilika. Pili, pesa haijatimia. Kununua kadi ya ngazi ya chini "ya kushikilia kwa sasa" hukufanya ununue mara mbili.

Kuhusu imani kwamba vifaa vya elektroniki hushuka bei tu, historia ya karibuni imeikataa. Aliyesubiri RTX 3080 ya dola 699 ishuke baada ya Septemba 2020 aliikuta mwaka 2021 ikiuzwa zaidi ya mara mbili, kwa uhaba wa chipu na uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Nafuu ilikuja 2022, na sarafu ya Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji tarehe 15 Septemba mwaka huo, kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vinanunua kwa wingi, na kadi yenye GB 16 imebeba kumbukumbu nyingi. Kwa hiyo tazama mwenendo wa bei wa miezi mitatu iliyopita wa modeli yako. Ikiwa inapanda kila mwezi, kungoja ipungue ni kamari.

Na kizazi kinachoondoka? Hushuka bei kwa kipindi kifupi, modeli nzuri huisha kwanza, kisha zile chache zilizobaki hupanda tena. Ukiona modeli yako imeshuka kwa asilimia 15 au 20 na bado ipo, chukua.

Hatua ya 5: Yanayokulazimisha kununua

Vitone vya rangi na mistari kwenye skrini hata kabla Windows haijawaka ni dalili ya kadi inayokufa. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine na kwa waya mwingine kabla hujaizika.

Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ni suala la pili. Nvidia ilimaliza draiva za kawaida za gemu kwa familia za GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025. Zimebakiwa na masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kadi haizimiki siku hiyo, ila gemu mpya haitatengenezewa marekebisho tena. La tatu ni gemu zinazodai vifaa vya kufuatilia miale ndani ya kadi, kama Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025. Hapo GTX 1080 Ti, pamoja na nguvu zake zote, haimo kwenye orodha.

Kama hakuna hata moja linalokugusa na hesabu ya hatua ya tatu inasema subiri, punguza vivuli na mwanga wa ujazo, washa FSR ya AMD (inayokuza picha ya rezolusheni ndogo ili fremu ziongezeke), ambayo katika matoleo yake ya awali hufanya kazi kwenye kadi za kampuni zote, na ushushe volti ya kadi kidogo kwa Afterburner ili ipoe.

Hatua ya 6: Je, itaingia na itapata umeme?

Gharama ya kadi si kadi peke yake. Sloti hutoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, plagi ya pini 8 wati 150. RTX 4060 inakula wati 115, Arc B580 ya Intel wati 190, RTX 5070 wati 250, RX 9070 XT wati 304, RTX 5090 wati 575. Jumlisha kadi, prosesa na wati 75 za vingine, kisha zidisha kwa 1.4. Kadi ya 250 na prosesa ya 125 zinafika 450. Ukizidisha unapata 630, kwa hiyo pawa saplai ya wati 650 ya kampuni inayoaminika inatosha.

Kadi yenye plagi mbili za pini 8 ipe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, usitumie mkia mmoja wenye vichwa viwili. Plagi mpya ya pini 16 isukume hadi kusiwe na mwanya wowote, na usiikunje karibu na mzizi. Plagi zisizokaa vizuri ziliyeyuka kwenye RTX 4090. Jambo moja linaloua vifaa: usitumie nyaya za pawa saplai moja kwenye nyingine hata kama zinaingia. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana, na kosa hilo huunguza kadi siku ya kwanza.

Pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi feni za mbele, acha milimita 10. Pima na upana, kwa sababu waya unaotokea juu ya kadi unahitaji nafasi ya kujikunja kabla mlango wa kasha haujafungwa.

Ubao mama wa zamani una mtego wake. RTX 4060, RTX 5060 Ti na RX 6600 hutumia njia nane tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na ubao mama), RX 6500 XT nne. Kwenye ubao wa PCIe 3.0 hasara huonekana hasa VRAM ikijaa, maana data iliyofurika hupita kwenye njia hizo finyu. Kadi za Arc nazo zinahitaji Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kufikia VRAM yote kwa pamoja. Bila hiyo hupoteza nguvu nyingi, usizinunue. Kuiwasha hudai uzime CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa njia ya zamani) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, na diski ya Windows iliyogawanywa kwa mfumo wa zamani wa MBR haitawaka tena baada ya hapo. Igeuze kwanza iwe ya mfumo mpya wa GPT kwa zana ya mbr2gpt iliyomo ndani ya Windows, ukishahifadhi nakala ya mafaili yako.

Hatua ya 7: Iliyotumika ni njia ya tatu

Mara nyingi jibu la "sasa au baadaye" ni kadi ya kizazi kilichopita kwa pesa pungufu. Bila dhamana, tusingelipa zaidi ya asilimia 70 ya bei ya kadi mpya yenye nguvu sawa.

Omba uione ikifanya kazi. Fungua programu ya GPU-Z na ulinganishe idadi ya viini na ukubwa wa kumbukumbu na vipimo rasmi; kadi kuukuu zilizobadilishwa BIOS yao (programu ya ndani ya kadi) ili zijiite GTX 1050 Ti hugunduliwa hapo, na programu yenyewe huandika FAKE. Endesha gemu nzito dakika 20. Tofauti kati ya joto la chipu na sehemu yake ya moto zaidi ikizidi nyuzi 30, pesti imekauka au kipoza hakijakaa sawa. Kwenye RTX 3080 na 3090, kumbukumbu ikipita nyuzi 104, pedi za kupitishia joto zimechoka. Kadi iliyochimba sarafu si lazima iwe mbovu, kwani kinachochakaa kwanza ni feni na pedi. Inayotutia hofu zaidi ni ile yenye ufa karibu na kona ya sloti, kwa sababu ya kuning'inia miaka mingi bila kuegemezwa.

Hatua ya 8: Weka bei, weka tarehe

Andika mistari mitatu: modeli moja au mbili, bei ya juu utakayolipa, na tarehe ya mwisho isiyozidi wiki 12. Bei ikifika kabla ya tarehe, nunua siku hiyo. Tarehe ikifika kabla ya bei, rudia hesabu ya hatua ya tatu kwa bei za siku hiyo. Ikisema nunua, chukua iliyo bora ndani ya bajeti, na ikisema subiri, funga suala hadi kizazi kijacho kitangazwe.

Ukinunua, kama unahama kutoka kampuni moja hadi nyingine, futa draiva za zamani kwa programu ya DDU ukiwa kwenye hali salama ya Windows kabla ya kuweka mpya. Rudia kipimo cha hatua ya kwanza ndani ya muda wa kurudishia bidhaa, sikiliza kama feni zinakwaruza na kama mlio wa koili (sauti nyembamba ya umeme) unakukera, na usiiuze kadi ya zamani mpaka muda huo upite.